Lea ni wa Nani

Padova, Italia
3 Desemba 2023

Dada Getruda,

Shikamoo. Tafuta pa kukaa kwanza, maana nakujua: ukianza kusoma umesimama utaiacha barua katikati uende kutazama maharage. Mimi sijambo. Baridi imeingia, na Bibi Ines ninayemtunza amegoma tena kuoga mpaka nimwimbie. Namwimbia nyimbo za kwaya yetu ya Ngombezi. Haelewi hata neno, lakini anainua mikono nimvue sweta. Nisalimie majirani wote wa laini za nyumba za shamba, na kaburi la mama uliwekee ua kwa niaba yangu.

Nimeongea na Lea kwenye simu. Anasema mtihani wa kidato cha nne haukumtisha. Alicheka sana, akaniita mama mdogo, na mimi nikaitika kama tulivyozoea.

Sasa dada, nisikilize. Kadi yangu ya ukaazi imetoka, ile ya muda mrefu. Tangu siku ile niliyojitenga na kundi la mahujaji pale Roma nikiwa na begi moja na kitabu cha sala, nimeishi miaka mingi nikivuka barabara kila nikimwona askari. Mama alipofariki sikuja kumzika, kwa sababu ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Hayo yamekwisha. Tena kadi hii inaniruhusu kumleta mtoto wangu, mradi awe hajatimiza miaka kumi na minane. Lea anatimiza Oktoba ijayo.

Kinachotuzuia unakijua. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema mama ni wewe na baba ni marehemu shemeji Mikaeli. Sabiri wangu, baba wa mtoto, alikuwa ameshakufa kwenye ajali ya lori, mimi naondoka, na wewe ni mfanyakazi wa shamba la mkonge. Mtoto wako angetibiwa dispensari ya shamba na kukaa nyumba za shamba bila maswali, mtoto wa mdogo wako asingetibiwa. Ndiyo tukamwandikisha kwa jina lako, na tukamfundisha akuite mama, asije akaropoka mbele ya daktari. Tulikubaliana sote na sikulaumu. Ila sasa naomba uende mahakamani ukaape kwamba mimi ndiye niliyemzaa, cheti kirekebishwe. Kisha tumwambie mwenyewe, polepole, mimi na wewe.

Haya siwezi kuyasema kwenye simu, kwa sababu simu niliyowatumia inashinda mkononi mwa Lea, na kuta za laini unazijua, jirani anasikia kila neno. Nijibu kwa kupitia sanduku la posta la parokia, kama zamani.

Mdogo wako,
Evodia

Ngombezi, Korogwe
28 Januari 2024

Evodia,

Marahaba, mdogo wangu. Nimekusoma nimekaa kama ulivyoagiza, juu ya ndoo nyuma ya kiwanda, wenzangu wakinywa uji. Vumbi la katani ni lile lile na kikohozi changu ni kile kile. Msimamizi mpya ni kijana niliyekuwa nampa pipi akiwa hana meno, leo ananiambia niongeze kasi. Jirani yangu Paulina amemwoza binti yake huko Kilole, tumecheza mpaka magoti yakaomba msamaha. Kaburi la mama nimeliwekea ua. Ile saruji uliyoituma imelifanya lipendeze kuliko nyumba tunazolala sisi tulio hai, na wapita njia wanasema huyu ana mtoto Ulaya.

Matokeo yametoka. Lea amepata daraja la tatu, anataka kusomea uuguzi. Nilimchinjia kuku.

Hongera kwa kadi. Nimefurahi, usidhani sikufurahi.

Kuhusu hilo jingine, Evodia, wewe unaliona jambo la asubuhi moja: naingia mahakamani, naapa, natoka. Nimebakiza miaka miwili kustaafu. Nikisema Lea si mwanangu, ofisi ya shamba itauliza malaria zote zile walizotibu zilikuwa za nani. Mguu aliovunjika akiwa darasa la pili ulifungwa kwa jina langu. Kidole tumbo alipasuliwa kwa jina langu. Mimi ndiye nitakayeitwa mwizi, siyo wewe uliye huko. Na nyumba hii inakwenda na kazi.

Halafu umeandika "mtoto wangu, mtoto wangu." Sikukatazi. Lakini ungeniuliza kwanza anapenda kula nini. Babu yetu aliletwa hapa kutoka Kigoma na mkataba wa manamba, akawaaga kwao kwamba anakwenda mwaka mmoja tu. Yuko kwenye makaburi ya shamba mpaka leo, na huko kwao hakuna anayejua kama alifika. Naona watu wa kwetu tukishaondoka tunakuwa wepesi kupanga maisha ya waliobaki.

Ngoja nistaafu kwanza. Tutaongea.

Dada yako,
Getruda

Padova
10 Machi 2024

Dada Getruda,

Shikamoo. Hongera nyingi kwa Lea, na wewe uliyemsimamia. Pole na kikohozi. Jifunge kitambaa puani hata kama wanakucheka.

Dada, ukistaafu Lea atakuwa mtu mzima, na sheria ya hapa haimtambui mtu mzima kama mtoto wa mtu. Nilikuandikia kwamba anatimiza kumi na minane Oktoba. Najua uliisoma.

Kazi yako ikiharibika nitakupangishia nyumba Kilole na utakula kwa jasho langu mpaka Mungu atakapokuchukua. Naapa. Unaniuliza anapenda kula nini. Sijui! Ndilo linaloniua. Namjua Bibi Ines anavyotaka supu yake, naujua mgongo wake ulipo na kidonda, nimemwosha mama wa watu wengine kuliko nilivyowahi kumwosha mama yangu. Lea nilimwachisha ziwa wiki ile ile niliyopanda ndege. Nilifika na maziwa kifuani, nikawa nakamulia kwenye sinki za vyoo vya kanisa, mahujaji wenzangu wakidhani nalia kwa uchaji. Shamba la Sabiri kule Handeni liliuzwa nikapata nauli, na mama yake, Bibi Chausiku, aliridhia huku machozi yanamtoka. Sitaki haya yote yawe yamenunua saruji ya kaburi na simu.

Kama unaogopa kwenda mahakamani peke yako, nenda Handeni ukamchukue Bibi Chausiku. Mtoto alizaliwa nyumbani kwake, kwenye mikono yake. Akisimama yeye, nani atabisha?

Tafadhali dada. Sijawahi kukuomba kitu kingine.

Evodia

Ngombezi
14 Aprili 2024

Evodia,

Marahaba. Masika imekuja kwa fujo, njia ya kwenda kiwandani ni tope tupu. Lea hajambo, anafundisha watoto wa jirani kusoma.

Nimekwenda Handeni. Bibi Chausiku hajiwezi, amelala tu, hatambui mtu. Nilimshika mkono nikarudi. Kwa hiyo hilo la ushahidi tuliache.

Nakuuliza kitu. Bahasha yako imekuja na anuani nyingine nyuma, na safari hii hukunipa habari za Bibi Ines kuoga wala kugoma. Kuna nini?

Getruda

Padova
19 Mei 2024

Dada,

Shikamoo.

Nimempigia simu Ikram, mdogo wake marehemu Sabiri. Nilitaka kumpa pole ya ugonjwa wa mama yake. Akashangaa. Anasema Bibi Chausiku yuko shambani anapalilia mahindi, jana tu amemkaripia kwa kuvunja jembe, na wewe hujakanyaga Handeni tangu mwaka juzi.

Umenidanganya kuhusu mtu mzima, dada, ukamlaza kitandani mzee wa watu akiwa na afya yake. Nimekaa na simu mkononi sijui nilie au nicheke.

Nimemweleza Ikram kila kitu. Nimemwomba amlete mama yake Korogwe, aje akusindikize mahakamani, na kama utaendelea kupiga chenga basi amwambie Lea ukweli. Nimechoka kusubiri ruhusa ya kuwa mama. Wewe ungekuwa mimi ungefanya hivi mapema zaidi, tena kwa kelele.

Anuani ni chumba tu, nimehama. Bibi Ines usihangaike naye.

Evodia

Ngombezi
30 Juni 2024

Evodia,

Salamu zako sikuziona kwenye barua ile zaidi ya shikamoo iliyokauka, kwa hiyo na mimi sitakuzungusha.

Walikuja Jumapili, nimetoka misa. Bibi Chausiku amefunga kanga yake vizuri, Ikram amembebea kikapu cha machungwa. Lea alikuwa anafua pale nje. Anamjua kama bibi wa Handeni anayetuletea mahindi, basi, hana zaidi. Akamkimbilia kumpokea, akamwamkia, akamletea kigoda. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikatoka na mwiko mkononi.

Bibi hakutaka hata maji. Akasema, "Getruda mwanangu, mie nimenyamaza kwa sababu mliniomba ninyamaze. Sasa mwenye mtoto kaniambia niseme. Twende huko mahakamani kesho, wewe na mie."

Lea akauliza, "Mtoto gani, bibi?"

Nikasema, "Bibi amechoka na safari, mwacheni apumzike."

Bibi akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo baya. Akamgeukia Lea akamwambia, "Wewe, mama. Marehemu Sabiri alikuwa mwanangu, ndiye baba yako. Umezaliwa kwangu, Handeni. Kakuzaa Evodia."

Lea akacheka kidogo. Akanitazama, akisubiri na mimi nicheke. Evodia, nilikuwa tayari kucheka, na maneno nilikuwa nayo mdomoni, kwamba bibi uzee umemchanganya. Lakini Ikram alikuwa amesimama karibu na Lea, na paji la uso ni lile lile, na masikio ni yale yale, kila mtu wa laini aliyekuwa amechungulia mlangoni aliona. Paulina alijishika mdomo.

Lea akaniuliza, "Kwa hiyo mama mdogo ndiye mama. Na wewe ni nani?"

Nikamwambia mimi ndiye niliyemlea.

"Sijauliza hilo," akasema.

Akamalizia kufua. Alianika nguo zote, na zangu pia, akazinyoosha moja moja kwenye kamba. Wageni walilala kwa Paulina. Asubuhi nilikuwa pale nje najiandaa kwenda kazini, akatoka chumbani, akapiga goti kama nilivyomfundisha mwenyewe, akasema, "Mama mkubwa, shikamoo."

Neno ni sahihi. Mimi ni dada mkubwa wa mama yake, ndivyo nilivyopaswa kuitwa tangu siku ya kwanza. Sikuweza kuitika. Nimevunjwa na neno la adabu, mbele ya majirani, na mwiko wa jana yake ulikuwa bado haujaoshwa.

Akaondoka na bibi yake na Ikram kwenda Handeni. Nilimfuata mpaka barabarani nikamuuliza kwa nini aende huko, mbona na bibi naye alimficha. Akasema, "Bibi hakuwahi kuniita mtoto wake." Simu ameniachia juu ya kitanda. Unapompigia, anayeitazama ikilia ni mimi.

Nilikuambia ngoja. Hukungoja.

Getruda

Kilole, Korogwe
8 Septemba 2024

Evodia,

Hujanijibu. Nilidhani barua imepotea, Paulina akasema barua mbaya hazipotei.

Ndani ya bahasha hii utakuta cheti kipya cha kuzaliwa cha Lea. Mama: Evodia. Baba: Sabiri Mwinjuma. Nilikwenda mahakamani nikaapa, na Bibi Chausiku alikuja kusimama pembeni yangu, tena aliniletea chai kwenye chupa. Ofisi ya shamba nao niliwafuata mwenyewe nikawaeleza. Nimeachishwa kazi na nyumba nimerudisha. Hawakunionea, nilidanganya na karatasi zipo. Ninakaa kwa binti ya Paulina huku Kilole, nalala na wadogo wa mumewe. Usinipangishie chochote.

Sikufanya hivi kwa ajili yako. Nimefanya kwa sababu nilichokuwa nakilinda hakipo tena. Barua ile ya Machi ulidhani naogopa kwenda mahakamani peke yangu. Haya. Kazi niliogopea, ndiyo, lakini kazi ningeimeza. Niliogopa kubaki peke yangu. Mimi na Mikaeli hatukujaliwa mtoto, ukaniletea wako mkononi bado ananukia maziwa, ukasema nishikie nakuja. Nilijua hutakuja. Nisamehe, lakini nilikuwa naomba usije.

Cheti nilikipeleka kwanza Handeni akione. Nilimkuta anachambua mchicha. Akakipokea kwa mikono miwili, akakisoma, akakiweka chini ya kopo la chumvi kisipeperushwe na upepo, akaendelea kuchambua. Nikamwambia mama yako anakusubiri Ulaya, kila kitu kiko tayari, una mpaka mwezi wa kumi tu. Akaniuliza, "Na yeye alisema atarudi mwezi gani?"

Akanirudishia cheti akaniambia nikutumie, yeye hakihitaji. Alinipa mchicha nije nao Kilole. Amekonda, lakini anacheka na Ikram na watoto wa Ikram. Akiniona mimi anaacha kucheka na kuniletea kigoda.

Ulitaka karatasi, hiyo hapo.

Getruda

Padova
3 Novemba 2024

Dada Getruda,

Shikamoo. Pole na kazi, pole na nyumba. Nikiandika pole naona kama nakutukana, lakini sina neno jingine.

Cheti kilinifikia kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Sikukipeleka ofisini, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu na mimi kuna nililolificha. Bibi Ines alifariki Februari. Wanawe walikuja wakauza nyumba, wakanipa kofia zake na siku chache za kuhama. Tangu hapo sina kazi ya kudumu. Nalala chumba kimoja na Edna, mwenzetu wa Bukoba, kitanda chake na changu vinagusana, na nafanya usafi wa ngazi za majengo, leo hapa kesho pale. Hapa ukitaka kumleta mtoto lazima uonyeshe nyumba yenye nafasi yake na mshahara wa kumlisha. Tangu ile barua yangu ya Machi sikuwa na nyumba wala mshahara. Nilijiambia nikipata cheti, mengine yatajipanga, nitapata bibi mwingine wa kumtunza. Sikumpata. Hata Lea angesema ndiyo, nisingeweza kumleta.

Kwa hiyo nimekuvunjia nyumba yako bure, dada. Nimeandika sentensi hiyo na nimeiacha. Ungekuwa hapa ningejilaza chini unikanyage.

Siku aliyotimiza miaka kumi na minane nilitaka kumtakia heri. Ikram amemnunulia simu ndogo, na namba yangu Lea ameifungia, basi nikaazima simu ya Edna. Nilikuwa nimekaa kitandani, cheti nimekitandaza mbele yangu na muhuri wake, nikakisoma tena jina langu pale panapoandikwa mama. Akapokea upesi, nikasikia kuku na watoto nyuma yake, na sauti yake imekuwa nzito, ya mtu mzima.

Akasema, "Haloo, nani mwenzangu?"

Neno nilikuwa nalo, dada, ndilo lile nililolipigania mwaka mzima. Hakuna mahakama wala ofisi duniani ambayo ingenikatalia kulisema.

Nikasema, "Ni Evodia. Mdogo wake Getruda."

Akasema shikamoo, kisha akakata simu.

Evodia